Je, wajua ganda moja la risasi linaweza kujazwa tena mara ngapi?

Wengi wetu ganda la risasi tunalijua kupitia taarifa ya habari: polisi walifika eneo la tukio, wakaokota maganda kadhaa. Ni kile kikopo chembamba cha rangi ya dhahabu kinachoruka pembeni bunduki inapofyatuliwa. Risasi yenyewe imekwenda zake, baruti imeungua, ganda limebaki chini.

Marekani, Finland na kwingineko kwenye walenga shabaha wengi, ganda hilo halitupwi. Mwenyewe huliokota, hulisafisha, hulirudisha umbo kwa mashine ndogo ya mezani, hulipachika fataki mpya kitakoni (kile kidonge kinachowasha baruti kikigongwa), hulitia baruti, hulifunga kwa risasi nyingine, kisha hulipiga tena. Katika vitu vinne vinavyokamilisha risasi nzima, yaani ganda, fataki, baruti na risasi ya mbele, ganda ndilo ghali kuliko vyote na ndilo pekee linalorudi nyumbani. Swali ni moja: linarudi mara ngapi?

Kwa bunduki ya kawaida ya kuwindia, jibu ambalo wazoefu wengi watakupa ni mara 5 hadi 10. Lakini yapo maganda yanayokufa mara ya tatu, na yapo yanayopita mara 20 bado mazima, na yote yametoka kwenye boksi moja. Ukitafuta sababu ya tofauti hiyo utagundua kwamba anayeliua ganda mara nyingi si moto wa baruti. Ni mkono wa yule anayelirudisha umbo, na nafasi iliyomo ndani ya bunduki yake.

Tuanze na madini. Ganda hutengenezwa kwa shaba njano: sehemu 70 shaba nyekundu, sehemu 30 zinki. Mchanganyiko huu umedumu kwenye kazi hii tangu karne ya 19 kwa sababu ya tabia yake ya kutanuka na kurudi. Baruti inapowaka, ganda huvimba na kubana kuta za chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu, likaziba kabisa ili gesi isimrudie mpigaji usoni. Presha ikishuka, ganda hujikunja kidogo likaachia, nawe unalitoa bila kulivuta kwa nguvu. Presha yenyewe si ya mchezo. Fundi wa matairi akikujazia gari dogo hufika 30 na kitu. Kwa kipimo kilekile cha fundi, risasi ya .308 Winchester inaruhusiwa kufika 62,000. Kikopo kile kinabeba mzigo huo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na kesho kinaombwa kiubebe tena.

Sasa chukua kipande cha waya, ukipinde huku, ukipinde kule. Mara za mwanzo kinatii. Halafu kinakuwa kigumu, kinakataa, na ukiendelea kinakatika. Hicho ndicho kinachoipata shingo ya ganda. Ganda lina kitako kinene, tumbo, bega, halafu shingo inayoishika risasi, na ukuta wa shingo hiyo kwa kawaida haufiki hata nusu milimita. Ikipigwa, shingo hutanuka. Ikirudi mezani, kalibu ya chuma huiminya hadi iwe nyembamba kuliko inavyotakiwa. Halafu kitufe kilicho katikati ya kalibu hupita ndani yake na kuitanua tena kidogo. Mzunguko mmoja, kupindwa mara tatu. Kila mara fuwele za shaba huzidi kusongamana na kukataa kuteleza, mpaka siku moja unakuta ufa wa wima kwenye shingo, mwembamba kama unywele.

Ufa wa aina hiyo una historia, na ni historia ninayoipenda mno, kwa kuwa waliopambana nao walikaa miaka mingi wakitazama jibu bila kuliona. Karne ya 19, jeshi la Uingereza nchini India lilikuwa likipunguza harakati zake wakati wa mvua za monsuni, na risasi zikawekwa akiba kwenye mazizi ya farasi hadi hali ya hewa ikauke. Zilipotolewa, nyingi zilikuwa zimepasuka, hasa pale shingo inapoikumbatia risasi. Hakuna aliyezipiga. Zilipasuka zimekaa kimya. Waingereza wakauita ufa wa msimu, jina linaloonyesha kwamba walijua unatokea lini lakini si kwa nini. Ilikuwa 1921 ndipo Moore, Beckinsale na Mallinson walipoeleza kisa: mkojo wa farasi hutoa amonia, amonia na unyevu huila shaba njano iliyo chini ya mkazo, na shingo ya ganda imejaa mkazo uliobaki kiwandani tangu siku ilipominywa. Vitu vitatu vinakutana, na kimoja kikikosekana ufa hautokei.

Linganisha na yaliyotokea kwetu, kaskazini ya Tanga. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilikimbizwa na manowari ya Uingereza hadi ghuba ya Manza, ikaachwa huko ikiwaka na kujaa maji. Shehena ya risasi ilikuja kuopolewa ikiwa imelowa chumvi. Jeshi la Wajerumani likaanza kazi ya kuzifungua moja moja, kuanika baruti, kubadilisha fataki na kuzifunga tena. Chumvi iliharibu baruti na fataki, lakini maganda yakajazwa tena. Bahari haikuyafanyia maganda hayo kile ambacho zizi lilikifanya India.

Ndiyo maana hadi leo mtu anayejaza maganda yake haruhusiwi kabisa kuyasugua kwa dawa ya kung'arishia shaba yenye amonia. Yatang'aa kama masinia ya sikukuu, na ndani yatakuwa yameanza kuoza. Zebaki nayo ni vivyo hivyo. Fataki za zamani zilikuwa na zebaki, na baada ya kupigwa iliingia kwenye shaba ikaifanya ivunjike kama biskuti. Ganda lililowahi kubeba fataki hiyo halifai kujazwa, hata likiwa linapendeza namna gani.

Dawa ya shingo iliyochoka ni moto. Mhunzi yeyote anaijua: chuma kikigoma chini ya nyundo, kirudishe motoni kilainike. Shaba njano ikipashwa moto wa kutosha, fuwele zake hujipanga upya na ule ukaidi wa waya uliopindwa unafutika. Viwanda hufanya hivyo kabla ganda halijatoka. Ukiona risasi ya kijeshi ina doa la buluu na kahawia kuzunguka shingo na bega, usidhani imeungua. Hiyo ni alama ya kupashwa moto, jeshi huiacha ionekane, na viwanda vya kiraia huing'arisha ikapotea. Mjazaji makini hurudia jambo hilo mwenyewe kila baada ya mizunguko michache, sekunde chache tu kwa kila ganda, na shingo ambayo ingepasuka mara ya sita inaendelea.

Lakini moto huo unaishia begani. Kitako lazima kibaki kigumu, maana ndicho kinachozuia gesi isirudi nyuma. Kitako kilicholainika kinaweza kupasuka usoni mwa mtu. Wazee wa kazi hii walikuwa wakiyasimamisha maganda kwenye sinia la maji, vitako vimezama, wakapitisha mwale wa moto juu, kisha wakayaangusha majini. Watu hudhani maji yale ni ya kuifanya shaba iwe ngumu kama inavyofanyika kwa panga. Sivyo. Shaba njano haiwi ngumu kwa kuzamishwa. Maji yapo kuuzuia moto usiteremke.

Kwa hiyo shingo inaponyeka. Kisichoponyeka ni kiuno kilicho juu kidogo ya kitako, na hapo ndipo uhai wa ganda unapoamuliwa kweli. Risasi inapolipuka, kuta nyembamba za mbele hushika chemba kwanza, huku kitako kinene kikisukumwa nyuma hadi kigonge komeo, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma. Kama kuna nafasi nyuma yake, shaba iliyo katikati haina budi kunyooka kuijaza. Kisha mezani kalibu inalirudisha bega nyuma, na mara inayofuata linanyooka tena. Baada ya mizunguko kadhaa ganda linakuwa refu kupita kiasi, mwenyewe analikata mdomo, na wengi hawajiulizi urefu huo umetoka wapi. Umetoka kwenye kuta. Kila uchafu wa shaba unaodondoka chini ya kikatio ni unene uliopungua kiunoni, na hakuna moto unaoweza kuurudisha.

Mfano mzuri ni .303, risasi ya bunduki za Lee-Enfield walizobeba hata askari wa King's African Rifles huku kwetu. Ganda lake hushikwa kwa ukingo wa kitako, hivyo nafasi ya mbele inaweza kuwa kubwa bila shida, na bunduki nyingi za kijeshi ziliachiwa chemba pana ili risasi yenye matope iingie. Kwa askari, jambo jema: ganda lake lingepigwa mara moja tu. Kwa mjazaji wa leo anayelirudisha bega hadi umbo la kiwandani kila mara, ganda linaweza kukatika vipande viwili mara ya tatu au ya nne, kitako kikatoka na tumbo likabaki ndani ya chemba. Akilirudisha bega kwa sehemu ndogo tu ya milimita, kiasi cha kuingia kwenye bunduki yake mwenyewe, ganda lilelile huishi mara kadhaa zaidi. Nikiulizwa jambo moja linaloamua kuliko yote, nitasema hilo.

Presha nayo ina lake. Risasi ikijazwa baruti kupita kiasi, tundu la fataki hupanuka hadi fataki mpya haishiki, na hapo hakuna cha kufanya. Upande wa pili, .45-70, ambayo jeshi la Marekani liliipokea 1873, ukomo wake ni 28,000 tu kwa kile kipimo cha matairi, chini ya nusu ya .308, na ganda lake ni mrija ulionyooka usio na bega la kusukumwa huku na huku. Maganda kama hayo hujazwa mara nyingi sana. Hata hivyo, enzi za baruti nyeusi ilibidi yaoshwe mapema, kwa sababu masizi yake huvuta unyevu na kuila shaba.

Kiuno kilichokonda huonekana kwa nje kama mstari unaong'aa kuzunguka ganda, ingawa mstari huo unaweza pia kuwa alama ya kalibu. Cha kuaminika zaidi ni waya mwembamba uliochongwa ncha na kupindwa mwishoni. Unauingiza kwa mdomo wa ganda hadi chini, unauvuta polepole ukikwaruza ukuta kwa ndani. Ukipita laini, ganda lina siku nyingine. Ncha ikinasa kwenye mfereji kidogo juu ya kitako, mwenyewe huchukua koleo akalibonyeza mdomo palepale, ili lisije likachanganyika na mazima likaingia tena kwenye bunduki.