Masika Magharibi mwa Kenya: Simama Kwenye Mmea Mmoja

Msimu ninaoupenda kuliko yote kwa matembezi ya mashambani ni ule ambao watu wengi huku kwetu hujifungia nyumbani: kuanzia mwisho wa Machi hadi Juni, mvua ndefu inaponyesha. Wageni kutoka Ulaya huniuliza kama nasi tuna majira ya kuchipua. Kwao baridi huondoka, jua likarudi, maua yakaamka. Huku karibu na ikweta jua halikwenda popote. Udongo unachosubiri ni maji. Hata hivyo majira hayo mawili yana kiungo. Mbayuwayu unaowaona mwanzoni mwa Aprili wakijipanga kwenye nyaya za stima Kisumu wako safarini kurudi kaskazini kuzaliana, na Waingereza huwapokea ndege wa aina hiyo hiyo mwezi huo huo kwa furaha kubwa.

Mimi kazi yangu ni mimea. Kwa hiyo ninapoongoza watu, iwe ni kando ya msitu wa Kakamega au kwenye vijia vya kati ya mashamba ya miwa, huwaomba jambo moja linalowashangaza wanaopenda ndege: tafuta mmea kwanza, kisha simama. Ndege na vipepeo huja penye chakula. Anayekimbilia kila kinachoruka huishia kuona mikia na vivuli.

Masika hufunguka kwa zamu, na ukiijua zamu hutahangaika. Mvua nzito ya kwanza hutoa kumbikumbi. Watoto wakitoka na ndoo kuwaokota, tazama juu yao: mwewe huwadaka angani kwa kucha na kuwala hapo hapo wakiruka, na kuku wa nyumbani hugombea walioanguka. Siku chache baadaye huchomoza maua yaliyoweka akiba chini ya ardhi. Kuna moja lenye tufe jekundu, kubwa kama ngumi au kuzidi, lililoundwa na maua madogo madogo hadi 200 kwenye shina moja. Wanasayansi huliita Scadoxus multiflorus. Linaweza kuchanua kabla majani yake hayajakomaa kwa sababu chakula chote kimo kwenye tunguu. Vichakani utakuta pia Gloriosa superba, mmea unaopanda wenzake kwa kujishika na ncha za majani zilizojikunja, wenye petali nyekundu na njano zilizopinduka kuelekea nyuma. Mtazame bila kuchuma. Mmea wote una sumu kali, hasa mizizi yake minene inayofanana na viazi, na kila nikiwa na watoto huwaambia hivyo kabla hata ya kuusifia uzuri wake.

Nyasi zikishapanda hadi magotini, ndege waitwao kweche, yaani madume yao, huvaa rangi. Miezi michache tu nyuma walikuwa na manyoya ya kahawia kama ya majike, huwezi kuwatofautisha. Sasa ni wekundu na weusi, wanajitunisha na kuelea juu ya nyasi ili waonekane. Mashamba ya mpunga ya Ahero ni mahali pazuri pa kuwaona, ingawa wakulima pale hawawapendi, na nawaelewa. Ndege waitwao kwera nao huanza kusuka viota wakati huu. Simama chini ya mti wenye viota umtazame dume akichana ukanda wa jani, akiufunga fundo kwa mdomo, kisha akining'inia chini ya kiota huku akipigapiga mabawa jike anapokuja kukagua. Kiota kikikosa mkazi hadi kikanyauka, dume mwenyewe hukibomoa na kuanza upya.

Vipepeo huchelewa. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema: wanatoka wiki ya kwanza ya mvua, wanaona wachache, wanadhani mwaka huu hawapo. Lakini kipepeo ahitaji jani changa la kutagia, yai liangue, kiwavi ale hadi anenepe, kisha akae kwenye bundo, yaani ganda ambamo hugeuka kipepeo. Kwa spishi nyingi kubwa hayo yote huchukua mwezi na zaidi. Mvua ya Aprili ndiyo inayoleta vipepeo wa mwisho wa Mei na Juni.

Mfano ulio karibu nawe ni mlimau. Karibu kila boma lenye mlimau au mchungwa lina viwavi wa Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano hafifu. Kiwavi mchanga ni wa kahawia na mweupe, ukimwona unadhani ni kinyesi cha ndege, na ndivyo ndege nao wanavyodhani. Akikua hugeuka kijani. Mguse taratibu kwa kijiti: nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini zenye harufu kali, silaha yake dhidi ya siafu na maadui wengine wadogo. Tafadhali usimnyunyizie dawa. Mlimau mkubwa hupoteza majani machache na kuyarudisha.

Kutokana na huo mlimau nataka uondoke na tofauti moja ambayo hubadilisha kabisa namna ya kutazama ua wa shamba. Kipepeo mzima hunywa mbochi kwenye maua ya aina nyingi, lakini kiwavi wake huchagua sana majani. Alizeti mwitu iliyozunguka mashamba mengi ya Magharibi na Nyanza, ile yenye maua ya njano na majani ambayo wakulima huyatumia kama mbolea, asili yake ni Meksiko na nchi jirani zake. Ikichanua hujaa vipepeo, na picha hutoka nzuri mno. Ila viwavi wa wengi kati yao hawawezi kuila. Walizaliwa kwingine: kwenye kichaka cha kienyeji, kwenye magugu ya kando ya mto, kwenye miti iliyoachwa mpakani. Vichaka hivyo vikifyekwa, alizeti itabaki na vipepeo watapungua. Jambo hili linanihuzunisha, kwa kuwa kufyeka huonekana ni usafi.

Kwa ndege, mmea wangu wa kusimamia ni Leonotis, ule unaoota kwenye mashamba yaliyopumzishwa: shina refu lililonyooka, lenye matufe ya rangi ya chungwa yaliyopangana ngazi kwa ngazi. Ua lake ni mrija uliopinda kidogo, na mdomo wa ndege mdogo aitwaye chozi umepinda vivyo hivyo. Akizamisha mdomo kunywa mbochi, chavua humpaka usoni, naye huibeba hadi ua linalofuata. Kaa hatua kumi kutoka hapo, bila kuzungumza. Dume la chozi mwenye rangi ya shaba na mkia mrefu huja, hufukuza wenzake, hurudi kwenye mashina yale yale.

Ndani ya Kakamega kwenyewe, mabaki ya mashariki kabisa ya ule msitu mkubwa wa Kongo, mambo huwa juu mno kwa shingo. Hondohondo utamsikia kwanza, mabawa yake yakivuma. Ndege aitwaye shorobo mkubwa wa buluu hukimbia juu ya matawi kutafuta matunda. Shingo ikichoka, tazama chini: kwenye tope la njiani, jua likiwaka baada ya mvua, vipepeo hukusanyika kwa makumi. Wengi ni madume wanaofyonza chumvi, ambayo baadaye humpa jike wakati wa kupandana.

Ukiwa Kisumu, nenda Dunga, kando ya Ziwa Viktoria. Mjini utazoea tiva mweusi mwenye tumbo jekundu, anayeimba kwenye bustani. Kwenye mafunjo ya Dunga yuko ndugu yake, na alama ya kumtambua ni utosi wa njano. Huyo hukaa kwenye mafunjo tu, hivyo kila mafunjo yanapokatwa au kuchomwa naye hupoteza makao. Dume na jike huitikiana kwa haraka hivi kwamba utadhani sauti ni ya ndege mmoja.

Toka asubuhi. Sehemu nyingi za huku ngurumo huanza mchana, pepo za ziwani zinapopanda kuelekea vilima vya Nandi. Ndege ni wa saa kumi na mbili hadi saa tatu; vipepeo husubiri joto, basi wao ni wa saa nne hadi saa sita. Vaa gambuti, na kama ni viatu vya kawaida ingiza suruali ndani ya soksi, kwani siafu wa Kakamega hawana subira. Kanyaga unapopaona, msitu ule una nyoka wenye sumu. Mchukue pia mwongozaji wa pale pale, iwe uko sehemu ya msitu iitwayo Isecheno au ile ya Buyangu: yeye anajua ni mti gani wenye matunda wiki hii.