Feni zinazunguka, kioo cheusi: si lazima mazabodi iwe imeungua

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya Mtwara na Lindi: eti kompyuta mpya uliyoiunganisha mwenyewe ikizungusha feni bila kuleta picha, mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) imeungua kwa hewa ya chumvi, uagize nyingine Dar es Salaam. Si kweli. Chumvi hula vyuma polepole. Haiui mazabodi iliyotoka kwenye boksi leo.

Kinachowachanganya watu ni zile feni. Kuzunguka kwake kunaonyesha tu kuwa umeme umezifikia. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ina waya wake wa umeme, kwa kawaida wa pini 8, unaochomekwa pembeni yake. Ukisahaulika, waya mkubwa wa mazabodi wa pini 24 utazungusha feni na kioo kitabaki cheusi.

Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde 10 kumaliza chaji. Toa rami (vijiti vya kumbukumbu) zote, rudisha moja, ukiikandamiza mpaka ilie "ta", kisha rudisha umeme uwashe. Rami iliyoingia nusu ni kosa la kawaida mno. Kama kuna kadi ya picha, waya wa kioo uchomekwe hapo, si kwenye mazabodi. Rami za DDR5 (aina mpya ya rami) zinaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya picha kutokea mara ya kwanza, kwa hiyo usikimbilie kuzima. Mazabodi nyingi zina vitaa vya CPU (prosesa), DRAM (rami), VGA (picha) na BOOT (diski ya kuwashia): kinachobaki kikiwaka kinakuonyesha pa kuanzia.

Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Unawagharimu watu mazabodi nzima isiyo na kosa.