Kabla ya kuchagua rangi ya pazia, kaa na dirisha lako

Mteja akiingia kwenye karakana yangu ya mapazia, mkono wake wa kwanza unaenda kwenye rangi. Anavuta kitambaa kutoka kwenye jora, anakikunjua, ananiuliza kama kitaendana na makochi. Mimi namuuliza dirisha lake linatazama wapi na jua linaingia saa ngapi. Wengi hawana jibu. Nawaomba warudi nyumbani wakalitazame dirisha siku nzima: asubuhi, mchana, halafu usiku taa zikiwa zinawaka. Tukishajua hayo, habari ya rangi inakuwa nyepesi.

Usiku ndio unaosahaulika zaidi. Pazia la neti linakusitiri mchana kwa sababu nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani. Wewe unamwona anayepita, yeye hakuoni. Jua likizama ukawasha taa, mambo yanageuka. Mama mmoja alikuwa ameagiza neti tupu kwa nyumba yote. Nikaitundika moja sebuleni jioni, nikamwomba atoke nje. Mwanawe alikuwa ndani anakunja nguo. Alipomtazama kutoka uani aliona hadi mistari ya shati aliyokuwa ameishika. Alirudi ndani akaagiza mapazia mazito palepale. Kwa sebule, basi, nashona tabaka mbili kwenye mabomba mawili: neti karibu na kioo, pazia zito mbele yake.

Kwenye marinda usibane kitambaa. Pazia la kawaida linataka upana mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu wa bomba, na neti nyepesi hufika mara tatu. Bomba la mita 2 linakula mita 4 hadi 5 za upana. Ukipunguza ili kuokoa fedha, pazia likifungwa linanyooka kama shuka iliyoanikwa, marinda yote yanapotea. Ni heri kitambaa cha bei ya chini kilichojaa kuliko cha bei ya juu kilichopungua. Na bomba lenyewe lipite fremu kwa sentimita 15 hadi 25 kila upande, likae sentimita 10 hadi 15 juu yake. Hapo pazia likifunguliwa linapumzika ukutani, kioo chote kinabaki wazi, na dirisha dogo linaonekana kubwa.

Sasa jua lenyewe. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayonipa kazi, maana huko jua huja likiwa chini, linakuja usawa wa macho. Blaindi za vipande vya kulala hufaa jua lililo juu: unaviinamisha kidogo, mwanga unapanda kwenye dari bila kukuumiza macho. Jua la chini hupenya katikati yake mpaka uvifunge kabisa, na ukivifunga chumba kinakuwa giza. Kwa pande hizo mbili vipande vya kusimama ni bora, kwa kuwa unaweza kuvigeuza vikalipa jua mgongo huku upande wa pili ukibaki wazi.

Jua pia linakula kitambaa. Niliwahi kuletewa pazia la hariri la dirisha la magharibi, lililoshonwa bila bitana, yaani kitambaa cha pili cha upande wa kioo, nilifupishe. Kwa mbali lilikuwa zima. Nilipolitandaza mezani niliona michirizi iliyopauka, mmoja kwa kila rinda lililokuwa limeelekea kioo. Nikashika mchirizi mmoja kwa vidole viwili nikavuta taratibu. Ukaachia kama karatasi iliyolowa maji. Sehemu iliyokuwa imejificha ndani ya mkunjo, sentimita chache tu pembeni, ilikuwa imara na rangi yake vilevile. Tangu siku hiyo hariri siikati bila bitana, na kitani vilevile kama dirisha linapigwa na jua. Bitana ikioza unaibandua na kuweka nyingine, pazia linabaki.

Watu huniuliza kama pazia zito litawaondolea joto. Litapunguza, lakini jua likishavuka kioo sehemu kubwa ya joto imeshaingia. Bitana nyeupe husaidia kurudisha sehemu ya mwanga nje kupitia kioo. Kinachosaidia zaidi ni kivuli kilicho nje ya kioo, iwe luva, turubai au mti. Kama chumba chako kinawaka mchana kutwa, anza na huko nje kabla hujaniletea vipimo.

Chumba cha kulala kinahitaji giza, na giza huvuja pembeni. Unaweza kununua kitambaa kizito kuliko vyote, ukaamka alfajiri na mstari wa mwanga usoni kwa sababu blaindi ya kuviringisha huacha upenyo wa kama sentimita moja au mbili kila upande. Mimi nalitundika pazia juu ya blaindi hiyo, kwa bomba lililopinda ncha zote mbili likagusa ukuta. Mwanga wa pembeni unakwisha hapo.

Chumba cha mtoto nina sharti moja nisilolegeza: hakuna kamba inayoning'inia. Kitanzi cha kamba ya blaindi kinaweza kumnyonga mtoto kimyakimya, mzazi akiwa chumba cha pili. Marekani ilirekebisha kiwango chake cha usalama mwaka 2018 ili blaindi zinazouzwa zikiwa tayari zisiwe na kamba, au ziwe na kamba fupi au isiyofikika. Kama za kwako ni za zamani, zibadilishe. Kwa sasa zifunge kamba juu kabisa ambapo mtoto hafiki, na usogeze mbali na dirisha kitanda chake na chochote anachoweza kukipanda.

Jikoni weka pazia fupi linalofulika, mbali na moto; poliesta huyeyuka na pamba huwaka. Bafuni blaindi za alumini au plastiki zinavumilia mvuke, mbao hupinda na kitambaa kizito huota ukungu.

Ukiamua kuweka blaindi ndani ya fremu, pima upana sehemu tatu, juu, kati na chini, uchukue kipimo kidogo kuliko vyote. Fremu chache sana zimenyooka. Pamba nayo iloweke na kuikausha kabla haijakatwa, kwa sababu hurudi ikifuliwa. Mwanzoni mwa kazi yangu nilimshonea mteja mapazia ya pamba yaliyogusa sakafu vizuri kabisa, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza yalipanda kiasi cha kiganja cha mkono. Nilimshonea mengine kwa gharama yangu.

Pazia likishatundikwa, lifungue lote, yapange marinda kwa vidole kutoka juu hadi chini, uyafunge kwa tepe laini za kitambaa sehemu tatu, bila kukaza. Yaache hivyo siku tatu. Ukizifungua, kitambaa kitakuwa kimeshika mikunjo yake, na kila ukilivuta pazia litarudi palepale.