Koeman, beki aliyeona uwanja mzima

Mi nafundisha mabeki, na kila nikipata kijana analalamika hana spidi namwambia akamwangalie Ronald Koeman. Beki wa kati wa Uholanzi, mbio hakuwa nazo kabisa, ila alikuwa anausoma mpira mapema, afu akishaupata anapiga pasi ndefu inatua mguuni kwa mtu kule mbele. Kocha Johan Cruyff alipomchukua Barcelona mwaka 1989 hakumtaka akabe tu, alitaka mashambulizi yaanzie kwake, na baadae mbele yake akawa anacheza dogo anaitwa Pep Guardiola.

Wakati huo alishabeba Kombe la Ulaya la klabu akiwa na PSV ya Uholanzi, Mei 1988, na mwezi uliofuata akabeba Euro, ya timu za taifa, na Uholanzi. Lakini cha kutazama hasa ni fainali ya kombe hilo la klabu, Wembley 1992, Barcelona dhidi ya Sampdoria ya Italia, dakika ya 112, bado 0-0, faulo nje ya boksi. Wenzake wanamwandalia, Stoichkov anausogeza mpira, Bakero anautuliza, Koeman anakuja nao kwa nguvu, shuti la chini chini, kipa Pagliuca anaruka haufikii. Barcelona ikapata kombe lake la kwanza la Ulaya na mfungaji ni beki! Kwa ujumla alifunga zaidi ya magoli 200, mengi faulo na penalti.

Kwenye ukocha amepanda na kushuka sana. Ajax ubingwa mara mbili, PSV 2007 ubingwa siku ya mwisho kwa tofauti ya goli moja tu, Valencia 2008 kabeba Copa del Rey (Kombe la Mfalme la Hispania) na siku chache baadae wakamfukuza, Everton na Barcelona nao wakamtimua. Watu wanamhukumu kwa hayo, mi naona hawamtendei haki, maana jicho lake kwa mabeki ni la kipekee. Akiwa Southampton mwaka 2015 walimsajili beki Virgil van Dijk kutoka Celtic, na 2018 alipopewa timu ya taifa akamvisha kitambaa cha unahodha.

Afu Novemba ya mwaka huo huo, mechi ya Nations League (ligi ya timu za taifa za Ulaya) mjini Gelsenkirchen, Ujerumani inaongoza 2-0 na dakika zinayoyoma, Koeman akamwambia van Dijk apande mbele acheze kama straika. Promes akafunga dakika ya 85, dakika ya 90 mpira ukamkuta van Dijk kwenye boksi akaunganisha bila hata kuutuliza, 2-2, Uholanzi ikamaliza kinara wa kundi na Ufaransa, mabingwa wa dunia, wakabaki nje ya hatua ya mwisho.