Je, wajua kwa nini alama za Wi-Fi zimejaa na faili bado linajivuta?

Kompyuta iko mezani, ruta iko hatua tatu kutoka hapo, alama zote za Wi-Fi zimejaa. Faili la megabaiti 300 linasema bado dakika 20. Kwa nini?

Tuanze na alama zenyewe, maana ndizo zinazopotosha. Wengi huzisoma kama kipimo cha intaneti: zikijaa, intaneti ina kasi, zikipungua, imezorota. Intaneti hazipimi hata kidogo. Ruta hujitangaza hewani karibu mara 10 kila sekunde, kwa ujumbe mfupi wenye jina la mtandao na masharti ya kujiunga. Kompyuta hupima ujumbe huo umefika na nguvu kiasi gani, kisha inachora alama. Kazi yake imeishia hapo. Chomoa waya unaoleta intaneti kwenye ruta, rudi ukae palepale, na alama utazikuta zimejaa vilevile. (Ile alama ya mshangao au maneno ya kwamba hakuna intaneti hutokana na jaribio jingine kabisa: kompyuta imebisha hodi kwenye seva ya mbali, haikujibiwa.)

Kuna zaidi. Tangazo la ruta kwa kawaida hurushwa kwa kasi ndogo ili lisikike mbali, kwa hiyo kulisikia vizuri si dhamana kwamba data nyingi itapita kwa kasi kubwa. Halafu kipimo chenyewe ni cha upande mmoja: kinaonyesha kompyuta inavyoisikia ruta, wakati ruta huenda inaisikia kompyuta kwa shida. Na kila mtengenezaji hujiamulia nguvu kiasi gani ihesabiwe alama nne, hivyo kulinganisha alama za simu yako na za kompyuta ya jirani ni kupoteza muda. Kwa kitu kinachoaminiwa na watu wengi hivi, kinasema machache mno.

Malalamiko mengine ni ya hesabu tu. Kifurushi huuzwa kwa megabiti, kivinjari huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Tuseme kifurushi chako ni cha megabiti 20 kwa sekunde: hizo ni megabaiti 2.5, kwa hiyo faili letu lilipaswa kuisha kwa dakika 2. Dakika 20 zinataka maelezo mengine.

Maelezo hayo mara nyingi yako hewani, kwenye foleni ambayo haionekani. Vifaa vinavyotumia chaneli moja ya Wi-Fi (kipande kimoja cha masafa ya redio) haviwezi kurusha data kwa pamoja bila kugongana. Kila kimoja husikiliza kwanza, hewa ikitulia ndipo kinarusha. Fikiria bomba moja la maji mtaani. Zamu yako ikifika unakinga lita 20, kisha unarudi mwisho wa foleni. Mmoja ana ndoo pana: anafungulia maji yote, dakika moja amemaliza. Mwenzake ana dumu lenye mdomo mwembamba, analazimika kufungulia kidogo kidogo maji yasimwagike: dakika 9. Hakuna aliyeruka foleni na hakuna aliyeonewa. Lakini dakika 10 zikipita kila mmoja ana lita 20, na bomba limekuwa la mwenye dumu kwa dakika 9 kati ya hizo. Maji ya bomba hayakupungua nguvu. Mwenye ndoo alikuwa anasubiri.

Mwenye dumu ni simu iliyo chumba cha mwisho. Mawimbi yakiifikia yamechoka, simu na ruta hukubaliana kwenda taratibu ili data isiharibike njiani. Weka tarakimu: kompyuta yako inazungumza na ruta kwa megabiti 54 kwa sekunde, simu ile kwa 6, na zote zina kazi. Zikipeana zamu sawa, kila moja hupata takriban megabiti 5.4, na hapo hatujatoa muda unaopotea kwenye kusubiriana. Watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliieleza hali hii mwaka 2003. Kwa hiyo inawezekana kabisa dawa ya kompyuta iliyo hatua tatu kutoka kwenye ruta ikawa kuzima video inayotazamwa na mtu mwingine nyuma ya kuta mbili.

Inawezekana, nasema. Ruta kadhaa za siku hizi hugawa muda badala ya zamu, na hapo mwenye dumu hawezi tena kuwachelewesha wengine kiasi hicho.

Foleni hupenya ukuta pia. Kwenye masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 chaneli zimepangwa kwa nafasi ya megahezi 5, ilhali kila mtandao huchukua takriban 20, ndiyo maana hutumika zaidi 1, 6 na 11 zisizoingiliana. Ukikuta jirani yuko 6 usihamie 8 ukidhani umemkwepa. Mkiwa chaneli moja vifaa vyenu huelewana na kusubiriana. Ukihamia 8, mawimbi yake kwako huwa kelele tupu. Oveni ya maikrowevu, inayofanya kazi karibu na gigahezi 2.45, yenyewe haijui foleni ni nini. Wi-Fi ya gigahezi 5 huepuka vurugu hii, ila kuta za tofali za saruji huizuia zaidi.

Kujua kosa liko wapi, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwenye Windows, andika ipconfig upate anwani ya ruta (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1), kisha andika ping na anwani hiyo. Majibu ya milisekunde chache yasiyoyumba yanaashiria kwamba hewa haina kosa. Yakiruka kutoka 3 hadi 200, au mengine yasirudi kabisa, shida iko kati ya kompyuta na ruta. Uthibitisho wa uhakika zaidi ni kuunganisha kompyuta na ruta kwa waya. Faili likiendelea kujivuta hata kwa waya, jaribu kupakua kutoka tovuti nyingine kabla ya kumpigia mtoa huduma, kwa sababu baadhi ya seva hujiwekea kikomo cha kasi kwa kila anayepakua.