Feni isiyozunguka haijaungua

Wiki hii nimeletewa tena pangaboi, yaani feni ya darini, lililoteremshwa kwenye nyumba moja Mwanakwerekwe, hapa Unguja, limefungwa pamoja na mabati yaliyooza, tayari kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. "Limeungua hilo, fundi. Toa shaba tu, mengine tupa." Nikalishika, nikalizungusha kwa mkono. Likazunguka mpaka nikachoka kulisubiri lisimame. Mota nzima kama ile ilikuwa inakwenda kupimwa kwa kilo.

Nimechoka kusikia kwamba feni ikigoma basi imeungua. Anasema mwenye nyumba, anaitikia jirani, na kibaya zaidi anathibitisha fundi ambaye hata skrubu moja hajafungua. Kazi yangu ni kuchukua vitu vya nyumbani vilivyotupwa, kuvitengeneza na kuvirudisha majumbani, na nyingi ya feni ninazozipata hazina kosa ila kapasita (kidude kinachoisaidia mota kuanza), tone la mafuta, au waya uliokatika mahali usipoonekana. Zingekwenda jaa la Kibele kufukiwa na taka.

Tuelewane kwanza mota yenyewe ikoje. Ndani ya feni ya nyumbani mna koili mbili, yaani mizingo ya waya wa shaba. Ile kuu inapata umeme moja kwa moja; ya pili inaupata kupitia kapasita, na kapasita ndiyo inayofanya umeme wa huku upishane na wa kule. Kupishana huko ndiko kunakoisukuma rota, kile kiini kinachozunguka, ianze, na ijue inakwenda upande gani. Kapasita ikifa, koili kuu inabaki peke yake: feni inanguruma, haiendi. Isukume kwa kijiti (kijiti, si kidole!) utaona inaondoka, na ukiisukuma kinyume itaondoka kinyume. Iliyoungua haifanyi hivyo. Iliyoungua utaijua kwa harufu kabla hujaifungua, na ukiifungua koili ni nyeusi na varnishi inayoukinga waya imebanduka.

Mara nyingi kapasita haifi kwa ghafla. Pangaboi la kawaida hutumia ya mikrofaradi (kipimo cha kapasita) 2.5. Miaka ikipita, kwa joto la chini ya bati, inashuka hadi 2, hadi 1.5, na feni inapungua mwendo taratibu. Mwenye nyumba anasema imezeeka, ananunua mpya, ya zamani inakaa uani na kunyeshewa mvua. Hapo sasa kweli inaharibika.

Na hapa nina ugomvi na mafundi wenzangu. Wapo wanaotoa kapasita ya 2.5 wakatia ya 3.5 au 4, ati feni ipate nguvu. Inapata, sikatai. Mteja anafurahi, anamsifu fundi mtaa mzima. Lakini koili ya pili sasa inapitisha umeme mwingi kuliko ilivyokusudiwa, inachemka usiku kucha juu ya vichwa vya watoto waliolala, na baada ya muda inaungua kwelikweli. Kisha anakuja mtu kuniambia feni za siku hizi hazidumu. Namba iliyoandikwa kwenye kapasita ya zamani ndiyo namba ya kununua. Angalia na volti: chukua ya 400 au 450, kwa sababu umeme wa kwenye kapasita ya mota hupanda kuliko ule wa ukutani. Ya volti 250 inaonekana inatosha, haitoshi. Na kabla ya kuigusa ya zamani, toa chaji yake kwa kugusisha miguu yake kwenye balbu.

Ikiwa feni umeichomoa, ukaizungusha kwa mkono ikasimama papo hapo, tatizo si umeme hata kidogo. Pangaboi lina beringi, mara nyingi namba 6202, na chumvi ya bahari inazila. Ninazotoa kwenye nyumba za wageni za Paje na Nungwi nazikuta zimeshika kutu. Feni nyingi za meza na za kusimama hazina beringi, zina bushi, yaani vibomba vifupi vya shaba nyeusi vilivyonyonya mafuta tangu kiwandani, na pembeni mna kitambaa mfano wa sufi kinachohifadhi akiba yake. Akiba ikikauka, bushi inang'ang'ania. Dawa yake ni kufungua, kufuta uchafu wote, na kutia mafuta ya charahani mpaka kitambaa kishibe. Si mafuta ya kupikia, nakuombeni! Wiki mbili yanalainisha, baadaye yanaganda kama ulimbo, na bushi iliyokuwa kavu tu inakuwa imegundishwa.

Hili la kukauka linaleta jingine ambalo ndilo linalodanganya watu zaidi. Feni yenye bushi ngumu inapata moto. Umeme ukiwa mdogo, kama tunavyoujua wenyewe, inapata moto zaidi, maana haina nguvu ya kujizungusha. Ndani ya koili, chini ya ule uzi wa kuifungia, watengenezaji wengi huficha fyuzi ya joto, kidude kidogo kinachokata umeme mota ikifika nyuzi joto zilizoandikwa juu yake, kisha hakirudi tena. Kwa hiyo feni inakuwa kimya kabisa. Haingurumi, hainuki, haifanyi lolote. Kila mtu anasema imeungua, kumbe fyuzi imekatika ili isiungue.

Nakumbuka umeme uliporudi Unguja Machi 2010, baada ya kukaa gizani tangu Disemba 2009. Feni zilizokuwa zimelala miezi mitatu na vumbi lake ziliwashwa zote kwa pamoja, zikakuta bushi zimeganda, zikachemka, fyuzi zikakata. Zikatupwa bure.

Fyuzi hiyo inabadilishwa kwa nyingine ya nyuzi joto zile zile. Ukiichomea risasi ya kuungia waya, ushike mguu wake kwa koleo baina ya fyuzi na chuma cha moto, ama sivyo joto la risasi litaikata hapo hapo mkononi mwako. Mafundi wanaounga waya moja kwa moja na kuiruka fyuzi siwaelewi. Feni itazunguka, ndiyo, na siku bushi ikikauka tena hakutakuwa na kitu cha kuizuia isiwashe pazia.

Lakini hata ukifanya kila kitu sawa, mimi mwenyewe sijatulia. Fyuzi ikikata, maana yake koili imewahi kufika kwenye joto lile. Varnishi yake imebaki na umri gani? Mita ya kawaida itakuambia waya haujakatika, basi. Mega, mita ya kupimia uvujaji, inaonyesha kama umeme unavuja kwenda kwenye bodi ya feni leo, haikuambii habari za mwaka ujao. Kwa hiyo feni niliyoibadilisha fyuzi naiwasha mchana kutwa mbele yangu, naishika mota kila nipitapo, na simpi mtu kwa chumba cha kulala. Nampa kwa duka au ukumbi, nikamwambia sababu. Kuna wenzangu wanaoona nazidisha. Huenda, ila sibadilishi.

Vingine nipite haraka. Pasi na birika zilizokufa: anza na plagi. Plagi yetu ya pini tatu za mraba ina fyuzi ndani yake, nayo ni kitu cha kubadilisha kwa dakika moja. Watu wanatupa pasi ya kanzu za Ijumaa kwa sababu ya fyuzi ya plagi! Ukikuta mtu ametia kipande cha waya badala ya fyuzi, kitoe. Kitu cha mtumba kilichoandikwa volti 100 au 110 usikichomeke kabisa bila transfoma. Friji isiyoshika baridi, bana karatasi mlangoni, ukiivuta ikatoka kilaini ni mpira wa mlango, si gesi. Wala usikate mabomba ya friji kutafuta shaba: za siku hizi nyingi zina gesi ya R600a, na gesi hiyo inawaka. Kitanda, hata samadari, kikivunjika chaga tu hakijavunjika. Gonga miguu na mifumbati, ukisikia mlio mtupu ndani mna mchwa, kiache.

Na vipo ambavyo sivichukui hata nikipewa na pesa juu. Godoro, kwa ajili ya kunguni. Mpira wa gesi ya kupikia. Pipa lililobeba dawa za kuulia wadudu, hata likioshwa likang'aa, maana najua litaishia kutekewa maji ya kunywa.

Jambo la mwisho kuhusu kuchukua. Kitu kilichowekwa barazani hakijatupwa mpaka mwenyewe aseme. Mimi hubisha hodi, hata kama kimelala kando ya taka. "Shikamoo bibi, hiki mmekitoa?" Akisema ndiyo, namwomba anihalalishie kwa mdomo wake, kwa sababu nitakitengeneza na kukiuza, na sitaki kesho mjukuu wake akione dukani kinazunguka ukatokea mdomo. Wengi hucheka wakasema, "Chukua mwanangu, halali yako." Mmoja aligeuka pale pale: "Kumbe kinatengenezeka? Basi nitengenezee mimi." Nikamtengenezea, nikalipwa ufundi wangu, na feni haikutoka nyumbani kwake.

Nyinyi mnaotoa vitu, nawaombeni moja: msikate waya. Najua watoto wanaukata wakauze shaba iliyomo. Shaba ya waya mmoja wa feni haifiki popote, na wakiuchoma moto ili kutoa plastiki wanavuta moshi wenye sumu. Mimi ule waya nauhitaji mzima, na plagi yake. Feni za kuzungusha shingo hukatikia waya pale pale shingoni, ndani ya plastiki ambayo kwa nje haina hata mkwaruzo. Nikiukunja kidogo kidogo huku mita inalia, napajua mahali penyewe kabla sijafungua chochote. Ukishaukata, umeniondolea kitu cha kwanza ninachokipima. Na skrubu zitieni kwenye mfuko, mfungie kwenye mguu wa feni.