Jua linavyoua vimelea vya udongoni, na kwa nini maji ndiyo kiini cha kazi

Ninapofundisha kusafisha udongo kwa joto la jua, yaani kuulowanisha na kuufunika kwa nailoni juani kwa wiki kadhaa, swali la kwanza huwa ni rangi ya nailoni. Wengi huchagua nyeusi, maana kitu cheusi hupata moto haraka kikianikwa. Ni kweli, ila kinachopata moto hapo ni nailoni yenyewe. Nailoni angavu huruhusu miale ipenye hadi kwenye udongo, na matone yanayojikusanya upande wake wa ndani huzuia joto lisitoroke. Chukua angavu, yenye unene wa maikroni 25 hadi 50 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Penye upepo mwingi ongeza unene, kwa sababu nyembamba huchanika upesi.

Njia hii ilitangazwa kitaalamu mwaka 1976 na Jaacov Katan na wenzake nchini Israeli, waliokuwa wakishughulikia ukungu wa mnyauko, Verticillium na Fusarium. Tangu hapo imejaribiwa sehemu nyingi zenye jua kali, na pale iliposhindwa, mara nyingi ni kwa sababu watu walilitegemea jua wakasahau maji.

Vimelea huuawa na joto pamoja na muda. Vingi huanza kudhurika joto likifika nyuzi 37 hivi, lakini katika kiwango hicho Verticillium huweza kustahimili wiki kadhaa. Kwenye nyuzi 50 haifikishi saa moja. Sasa, udongo uliofunikwa vizuri msimu wa jua kali unaweza kukaribia nyuzi 50 kwenye kina cha sentimita 5, lakini ukishuka sentimita 20 unakuta 40 au chini yake. Ndiyo maana nailoni hukaa wiki 4 hadi 6. Anayeifunua baada ya wiki 2 amesafisha ngozi ya juu tu.

Na udongo mkavu? Umejaa hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Isitoshe, mbegu za magugu na vimelea vilivyolala vikiwa vikavu ni sugu mno. Vikilowa huamka, na vikiamka joto huvimaliza. Kwa hiyo vunja mabonge, ondoa visiki na mawe, sawazisha, kisha mwagilia mpaka maji yafike sentimita 30 chini. Chimba kidogo upime: chukua udongo wa chini, ufinye kiganjani. Ukishikamana bila kuchuruzika maji, tandika nailoni siku hiyo hiyo. Ivute igusane na udongo, kisha fukia kingo zake zote kwenye mfereji.

Asubuhi pita ukague. Nailoni iliyojaa matone kwa ndani inafanya kazi. Sehemu iliyokauka ina tundu au ukingo uliofunuka. Ziba kwa tepu au fukia upya. Ukanda wa pembeni daima hubaki na ubaridi, kwa hiyo tuta jembamba, chini ya sentimita 75, silishauri kabisa.

Usitarajie miujiza kwa kila adui. Gugu la ndago lina viazi vyake chini sana, nalo huchipua tena. Macrophomina ni ukungu unaopenda joto, kwa hiyo haufi kirahisi. Minyoo fundo, ile midogo inayotia mizizi mafundo, hupungua kwenye tabaka la juu, lakini iliyo chini hupanda baadaye, hivyo utavuna mboga za muda mfupi kwa amani, ila kwa miti ya matunda siwezi kukuahidi kitu.

Ukishafunua, usilime kwa kina. Jembe likizama huleta juu udongo ambao joto halikuufikia, pamoja na mbegu zake. Mbolea ya naitrojeni nayo ipunguze mwanzoni, kwa sababu joto huachilia amonia na naitreti kutoka kwenye mabaki ya viumbe, na miche huonekana kama imepewa mbolea. Bakteria wa Bacillus na ukungu wa Trichoderma, ambao ni marafiki, hurudi mapema kuliko vimelea vingi.

Udongo wa viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, ni rahisi zaidi, kwani ni mchache. Ulowanishe kiasi, uweke kwenye mifuko angavu, kisha funika kwa nailoni ya pili iliyoinuliwa ili hewa ibaki katikati. Unatafuta nyuzi 70 kwa nusu saa, au 60 kwa saa nzima. Chomeka kipimajoto katikati ya mfuko, kwa maana pembeni hupata moto mapema na kukudanganya.